Kichocho cha Bingwa

Katikati ya Agosti 2011, Chris Froome alikuwa mwendesha baiskeli ambaye timu yake haikuwa na haraka ya kumwongezea mkataba. Alikuwa na miaka 26. Alizaliwa Nairobi, akajifunza mbio za baiskeli Kikuyu chini ya David Kinjah, kisha akaenda Ulaya, ambako kwa miaka kadhaa hakupata ushindi wowote mkubwa. Mwezi mmoja baadaye alikuwa amemaliza wa pili katika Vuelta a España, sekunde 13 nyuma ya mshindi. Mwaka 2013 alishinda Tour de France, kisha akaishinda tena 2015, 2016 na 2017.

Kati ya Froome wa kwanza na Froome wa pili kuna pengo, na watu waliuliza lilizibwaje. Jibu lililosambaa zaidi lilikuwa kichocho. Tunasimuliwa kwamba mwishoni mwa 2010 vipimo vilionyesha kuwa alikuwa na vimelea hao mwilini, kwamba walikuwa wakimnyonya nguvu kwa muda mrefu bila yeye kujua, na kwamba baada ya matibabu ndipo mwili wake halisi ulipojitokeza. Kisa hiki kimo katika kitabu cha maisha yake, The Climb, kilichotoka mwaka 2014.

Kama kisa, kimekamilika. Kina mto wa Afrika, mdudu asiyeonekana, kijana anayechoka bila kujua kwa nini, daktari, dawa, na ushindi. Msomaji wa London anakutana na ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, pengine ndani ya kitabu hichohicho. Hajui unafanya nini hasa, kwa hiyo yuko tayari kuamini kwamba unaweza kufanya lolote.

Msomaji wa Pugu hana bahati hiyo. Kichocho tunakijua. Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye wagonjwa wengi zaidi wa kichocho. Wengi tuliosoma shule za msingi za serikali tunakumbuka foleni ya kumeza prazikwanteli, na kijiti cha kupimia urefu kinachomwambia mwalimu akupe vidonge vingapi. Tunajua mkojo wenye damu, uchovu, mtoto anayesinzia darasani, na kwa waliochelewa kutibiwa, kibofu au ini lililoharibika. Tunajua pia kinachotokea baada ya dawa: mtoto mgonjwa anakuwa mtoto mzima. Darasa zima lilimeza vidonge siku moja, na Jumatatu iliyofuata aliyekuwa wa mwisho kwenye mbio za kukimbiza kuku bado alikuwa wa mwisho.

Hapo ndipo maelezo haya yanapovuja. Ugonjwa unaweza kueleza kwa nini mtu alikuwa chini ya uwezo wake, lakini hauwezi kueleza huo uwezo wenyewe ulikotoka. Kumwondolea mtu vimelea ni kumrudisha kwenye mstari wa kuanzia pamoja na wenzake 190 ambao hawakuwahi kuwa navyo. Kuanzia hapo bado inabidi mtu aeleze kwa nini anawaacha.

Niseme wazi ninachokipima. Froome hajawahi kukutwa na hatia ya kutumia dawa zilizopigwa marufuku. Septemba 2017, katika Vuelta aliyoishinda, mkojo wake ulikutwa na salbutamol, dawa ya pumu, kwa kiwango cha nanogramu 2,000 kwa mililita, wakati kiwango kinachoruhusiwa ni 1,000. Habari zilitoka Desemba mwaka huo, na Julai 2018 shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilifunga kesi baada ya wakala wa dunia wa kupambana na dawa michezoni, WADA, kukubali kwamba matokeo yale hayakuthibitisha kosa. Sina ushahidi ambao wao hawakuwa nao. Ninachosoma hapa ni maelezo, kama tunavyosoma riwaya au shairi, na swali langu ni kama yanabeba uzito yaliyopewa.

Yapo maelezo mengine ya Froome ambayo ni bora zaidi, na inafaa kuona kwa nini. Mwaka 2015 alikubali kupimwa maabara, na pamoja na majibu hayo ikachapishwa karatasi ya vipimo alivyofanyiwa mwaka 2007, kabla hajawa mtu maarufu. Mwaka 2007 alikuwa na kilo 75.6, na mwili wake ulitumia oksijeni kwa kiwango cha 80.2, ambacho tayari ni cha watu wachache sana duniani. Mwaka 2015 alikuwa na kilo 69.9 na kiwango cha 84.6. Hoja ikawa kwamba injini ilikuwapo tangu mwanzo, kilichopungua ni mzigo.

Hoja hii inaeleweka hata bila maabara. Ukisimama Pugu Kajiungeni alfajiri utawaona vijana wanaoleta mkaa kutoka upande wa Kisarawe kwa baiskeli, magunia yamefungwa nyuma mpaka baiskeli haionekani. Mteremko wanapanda, mlima wanashuka na kusukuma. Hakuna kati yao anayehitaji kufundishwa kwamba kilo zikipungua mlima unakuwa mfupi. Na maelezo haya yana sifa ambayo kichocho hakina: yangeweza kushindwa. Karatasi ya 2007 ingeweza kuonyesha mtu wa kawaida, na hadithi ingeishia hapo. Froome aliweka mezani kitu ambacho kingeweza kumuumbua, na hilo linastahili heshima.

Hata hivyo hayatoshi kufunga mjadala, kwa sababu tuliwahi kuyasikia. Lance Armstrong aligunduliwa kuwa na saratani Oktoba 1996, akatibiwa, kisha akashinda Tour de France mara saba mfululizo, kuanzia 1999 hadi 2005. Naye alielezwa hivyohivyo: ugonjwa ulimpunguzia kilo, na mateso yakampa roho ya chuma. Kitabu chake, It's Not About the Bike, kilitoka mwaka 2000 na kikasomwa na mamilioni, wengi wao wagonjwa waliohitaji tumaini. Mwaka 2005 mtafiti mmoja wa Texas alichapisha makala ya kisayansi akisema misuli ya Armstrong imekuwa na ufanisi zaidi kwa asilimia 8. Kulikuwa na saratani, kilo, nia na sayansi. Oktoba 2012 wakala wa Marekani wa kupambana na dawa michezoni ulitoa ushahidi wa kurasa zaidi ya 1,000, mashahidi 26, na mataji yote saba yakafutwa. Januari 2013 mwenyewe alikiri kwenye televisheni.

Mwandishi aliyemsumbua Armstrong kuliko wote alikuwa David Walsh wa Sunday Times. Ndiye pia aliyemwandikia Froome kitabu cha The Climb. Wapo wanaoona hiyo ni hati ya usafi: kama Walsh ameridhika, nani atabisha? Mimi naona ni somo la uandishi. Walsh wa Armstrong alifanya kazi nje ya mlango, akiwasikiliza waliofukuzwa na waliotukanwa. Walsh wa The Climb ameketi ndani, na sauti anayoiandika ni ya bingwa mwenyewe. Mtu ni yuleyule, lakini kiti kimebadilika, na katika uandishi wa kweli kiti ulichokalia huamua unachoweza kuona. Kitabu cha maisha ya mtu hakiwezi kuwa hakimu wa mtu huyo, hata kikiandikwa na mwandishi mwaminifu kiasi gani.

Kuna jambo jingine ambalo kesi ya Armstrong inatufundisha, na ndilo linalonikera zaidi. Maelezo safi huhitaji mtu wa kuyabeba, na mtu huyo mara nyingi ni mdogo kuliko msemaji. Emma O'Reilly alikuwa akiwachua misuli waendesha baiskeli wa timu ya Armstrong. Alipomweleza Walsh alichokiona, Armstrong alimchafua jina hadharani kwa maneno ambayo mwanamke yeyote angeyaona ni ya kumvua nguo. Ili hadithi ya yule bingwa ibaki safi, ilibidi yule mchuaji awe mwongo na malaya.

Sasa turudi nyumbani. Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago Oktoba 2024 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Machi 2025 alipimwa, na mkojo wake ukakutwa na haidroklorothiazaidi, dawa ya presha inayokojosha, ambayo imepigwa marufuku michezoni kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine. Kiwango ambacho chini yake maabara haitoi taarifa ni nanogramu 20 kwa mililita. Chake kilikuwa 3,800. Mwanzoni hakuwa na maelezo. Baadaye alisema kwamba aliugua akameza dawa za dada wa kazi, bila kuangalia ni dawa gani. AIU, kitengo kinachosimamia uadilifu wa riadha duniani, hakikuyaamini maelezo hayo. Oktoba 2025 alifungiwa miaka mitatu, baada ya kupunguziwa mmoja kwa kukubali kosa mapema. Rekodi ya Chicago haikufutwa, kwa kuwa iliwekwa kabla ya kipimo hicho.

Soma tena maelezo yale ukiwa mtu wa huku. Jopo la Ulaya linaweza kuyaona kama suala la uzembe na nanogramu. Sisi tunamwona dada wa kazi. Tunajua nafasi yake nyumbani: anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na kitu kikipotea yeye ndiye anayeulizwa kwanza. Tunajua pia kwamba katika nyumba nyingi tajiri hamezi dawa ya dada. Dada ndiye anayepewa vidonge vilivyobaki kwenye droo ya mama mwenye nyumba. Maelezo yamegeuza mwelekeo wa nyumba nzima, na msomaji anayezifahamu nyumba hizi anashtuka kabla hata hajafika kwenye nanogramu.

Ndiyo maana ninasema ukosoaji wa maelezo haya ni kazi yetu. Kichocho, dada wa kazi, miinuko, ugali, maziwa, kwenda shule kwa miguu: malighafi ya hadithi hizi inatoka kwetu. Anayeuziwa ni msomaji wa mbali asiyeweza kuikagua. Sisi tunaoweza kuikagua tumekaa kimya, kwa sababu hadithi hizi zinatusifu. Ni raha kusikia kwamba mtoto wetu anawashinda Wazungu kwa sababu ya uji wa mtama. Lakini uji wa mtama unanywewa na kijiji kizima, miinuko inapumuliwa na kila mwenyeji, na shule ya mbali iliendewa na wote. Kinachoelezea watu wote wa mahali fulani hakijaeleza kwa nini mmoja wao anawaacha wenzake. Baya zaidi, hadithi hiyohiyo inamfaa msafi na inamfaa mwenye EPO. Ikiwafaa wote wawili haitusaidii kuwatofautisha, na anayepoteza ni msafi.

Hapo ndipo penye hasara ya kweli. Mwaka 2014 Rita Jeptoo wa Kenya alishinda marathoni ya Boston. Mwaka huohuo alikutwa na EPO, na baadaye ushindi wake wa Boston ukafutwa. Aliyekuwa wa pili, Buzunesh Deba kutoka Ethiopia, akatangazwa mshindi. Fedha za ushindi hazikufuata jina. Alizisubiri kwa miaka mingi, mpaka 2024, ambapo mfanyabiashara mmoja wa Marekani aliyesoma habari zake alimpa dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Utepe wa Boylston Street hauwezi kukatwa mara ya pili. Froome mwenyewe anaijua hali hiyo: mshindi wa ile Vuelta ya 2011, Juan José Cobo, alikuja kukutwa na kasoro za damu, na mwaka 2019 taji likahamishiwa kwa Froome, miaka minane baada ya jukwaa kubomolewa.

Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walipewa muda mmoja, saa 2:09:48, na picha ya mstari ndiyo iliyoamua. Sina sababu yoyote ya kumshuku Simbu, na nilishangilia kama kila mtu. Lakini tayari nimesikia hadithi zikianza kupikwa: umaskini, miinuko, jeshi, ugali. Tunamtakia mema kwa njia mbaya. Kinga ya Simbu ni vipimo vya mara kwa mara, tena vya kushtukiza, na matokeo yaliyopanda hatua kwa hatua mbele ya macho ya watu kwa zaidi ya miaka saba, tangu shaba ya London 2017 hadi nafasi ya pili Boston mwaka 2025. Mtu mwenye ushahidi wa aina hiyo hahitaji kupambwa na ugali.