Kompyuta Kwenye Amplifaya: Tatizo Haliko kwenye Spika

Muziki wa kompyuta ukitoka umefifia au ukiambatana na mvumo, wa kwanza kulaumiwa ni spika. Katika mfumo tunaouchambua hapa, spika mbili na amplifaya ya zamani ya sebuleni havikuguswa. Kilichohamishwa ni mahali ambapo namba zilizomo kwenye faili hugeuzwa kuwa mawimbi ya umeme.

Njia ya kwanza ni ile ya kila mtu: waya kutoka tundu la spika za masikioni la laptop, unaoishia kwa pini mbili, nyekundu na nyeupe. Pini hizo huchomekwa AUX au CD, kamwe si PHONO. Tundu la PHONO husubiri umeme hafifu wa sindano ya santuri, huukuza mara mia hivi na kuongeza besi. Sauti ya kompyuta ikipita humo hukwaruza.

Njia hiyo hufanya kazi, ila ina kasoro mbili. Deki ya CD hutoa takriban volti 2, ilhali laptop nyingi hutoa nusu ya hapo au pungufu. Inabidi kuzungusha volyumu ya amplifaya mbali zaidi, na uchafu wa sauti unapanda pamoja na muziki. Tena, ndani ya laptop kazi ya kugeuza namba hufanyika jirani na prosesa, feni na Wi-Fi, hivyo vikelele vyao hupenya.

Dawa yake ni DAC ya nje, yaani kigeuzi cha namba kuwa mawimbi ya umeme, inayochomekwa USB. Muziki unatoka kwenye kompyuta ukiwa bado namba, na kugeuzwa kunafanyika ndani ya kisanduku kilichotulia. DAC nyingi za sasa zina saa zake zenyewe: ndizo zinazoiambia kompyuta ilete data kwa kasi gani.

Hata baada ya DAC kuwekwa, mvumo mzito ulibaki, ukakatika pale tu chaja ya laptop ilipochomolewa. Chaja ilikuwa na waya wa ethi, na amplifaya ilikuwa imeunganishwa pia na king'amuzi chenye waya wa dishi la juu ya paa. Njia mbili za kwenda ardhini zilifanya duara, na umeme wa hezi 50 ukazunguka kupitia waya wa muziki. Transfoma ndogo ya kutenganisha, ya aina inayotumika kwenye redio za magari, iliwekwa kati ya DAC na amplifaya, mvumo ukaisha. Kung'oa pini ya ethi nako huondoa mvumo, lakini huondoa pia kinga dhidi ya kupigwa na shoti.

Upande wa programu kazi ni fupi. CD hurekodiwa kwa sampuli 44,100 kila sekunde, biti 16. Windows ikiwa imewekwa 48,000, hukokotoa upya kila wimbo wa CD; irudishe 44,100. Acha volyumu ya kompyuta juu kabisa, upunguzie kwenye amplifaya.

Kwa hiyo pesa ianze kuondoa mvumo, kisha DAC, kisha faili. FLAC hubana wimbo bila kupoteza kitu. MP3 ya kilobiti 128 ilishatupa sehemu ya muziki, na hakuna DAC inayoirudisha. Waya wa bei mbaya uje mwisho: kwa mita mbili, waya wa kawaida wenye pini zinazokaza unatosha.