Mawese Hayapimwi kwa Wekundu

Katika maonyesho ya wajasiriamali jijini Dar es Salaam, chupa ya mawese ilipewa cheti cha ubora mbele ya macho yangu. Waamuzi waliiinua kwenye mwanga, wakasifu wekundu wake, wakasifu lebo yake, wakapiga makofi. Hakuna aliyefungua kifuniko akanusa. Hakuna aliyetazama kitako cha chupa, na kitakoni palikuwa na mgando mzito, mkavu, uliopanda hadi nusu ya chupa, saa saba mchana, katika joto la Dar. Mtu yeyote aliyekulia Ujiji au Mwandiga, kule Kigoma, angejua palepale kwamba chikichi zile zililala mno kabla ya kuonja moto. Tangu siku hiyo nimechoka kusikia watu wakisema "haya mekundu kweli" kana kwamba wamemaliza kazi ya kupima.

Wekundu ni kazi ya mchikichi, si ya mkamuaji. Kilo moja ya mawese mabichi hubeba karotini miligramu 500 hadi 700, na karotini hiyo huingia kwenye mafuta hata mkamuaji akiwa mzembe kupita kiasi. Mafuta yaliyooza nayo ni mekundu. Anayepima mawese kwa rangi anausifu mti na kumwachia mkamuaji sifa asiyoistahili.

Kazi ya mkamuaji inaanza pale mkungu unapodondoka chini. Tangu hapo saa zinahesabika. Ndani ya nyama ya chikichi kuna kimeng'enya kiitwacho lipasi. Chikichi ikichubuka, kimeng'enya hicho huanza kuyavunja mafuta na kuacha asidi huru, na hakikomi mpaka chikichi zipikwe. Ni kweli mikungu huachwa kwanza ili chikichi zilegee na kupukutika kwa urahisi. Hiyo ni haki ya mkamuaji. Lakini kati ya kulegea na kuoza pana siku chache mno, na mvivu huzipita bila kujali, kwa sababu chikichi iliyooza hupukutika yenyewe bila kumtoa jasho.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Mwandiga ambaye hakununua mkungu bila kuchomeka mkono katikati ya lundo. Akikuta joto, aliuchomoa mkono, akajifuta kwenye khanga, akaondoka bila kuuliza bei. Lundo lenye joto limeshaanza kuchacha. Vijana waliokuwa wakimuuzia walimwona mkorofi. Mafuta yake yalimaliza mwaka mtungini bila kubadilika harufu.

Sasa nirudi kwenye mgando, maana hapo ndipo mgeni hukosea siku zote. Mgeni akiona mafuta yameganda hudhani ama yamechanganywa na kitu, ama ndiyo halisi zaidi. Yote mawili ni kubahatisha. Mawese yote huganda kiasi, kwa sababu karibu nusu yake ni mafuta shibe, hasa asidi ya palmitiki. Swali ni namna yanavyoganda. Mafuta yaliyopikwa mapema hutulia kwa tabaka mbili: juu ni mafuta majimaji ya rangi ya machungwa yaliyoiva, yanayopitisha mwanga, chini ni chembe laini, zenye rangi ileile, zinazocheza ukiinamisha chupa. Mafuta yaliyochelewa yamejaa asidi huru, na palmitiki ikiwa huru, peke yake, haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 63. Kwa hiyo hushikana, hupauka, hupanda juu. Inamisha chupa: tabaka la chini halisogei. Wafanyabiashara wa Afrika Magharibi walilijua hili tangu zamani, wakatenganisha mafuta laini na mafuta magumu, na magumu yalikwenda kwenye sabuni. Sisi tunayapa cheti.

Matapeli wanaujua mgando kuliko waamuzi. Nimemwona mchuuzi akipanga chupa zake juani tangu alfajiri ili zote ziyeyuke kabla ya wateja kufika. Saa nne kila chupa ni nyekundu, angavu, bila doa. Jua hilohilo linayachosha mafuta na kula karotini inayosifiwa. Kwa hiyo nunua mapema, nunua kivulini, na omba chupa iliyo chini ya meza. Mchuuzi akikataa kukupa ya chini ya meza, jibu umeshalipata.

Wengine huchanganya mawese na mafuta meupe ya dukani, wakapata chupa isiyoganda kabisa na isiyonukia kitu. Wengine huacha maji ndani kwa makusudi, maana maji yana uzito. Maji hayo hukamatwa na sufuria: pasha kijiko kimoja taratibu. Mawese makavu hupata moto kimya. Yenye maji hutatarika na kuruka. Na mahali penye udanganyifu mkubwa zaidi, rangi yenyewe hughushiwa: mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana ilikuta masokoni mawese yaliyotiwa Sudan IV, rangi ya viwandani isiyostahili kuingia tumboni mwa mtu. Huko ndiko ibada ya wekundu inakoishia.

Kisha koo. Lamba tone moja, meza, subiri. Mawese mazuri hupita yakiacha harufu ya nyama ya chikichi, utamu wa mbali. Mabaya hukereketa. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, huruhusu asidi huru hadi asilimia 5 hivi katika mawese mabichi; koo lililozoea halihitaji maabara kujua kiwango kimepitwa. Mafuta yenye asidi nyingi pia hutoa moshi mapema jikoni.

Kuhusu mbegu: miche ya tenera inayohimizwa Kigoma ina nyama nene na kokwa lenye ganda jembamba, na hutoa mafuta mengi kuliko dura ya wazee wetu. Mkulima ana haki ya kuipanda. Lakini harufu ya mawese ya dura ni ya ndani zaidi, na hilo halina mjadala. Na tukifika jikoni, mawese hayaingii kwenye pilau wala hayakaangi chipsi. Mahali pake ni mgebuka, dagaa, maharage, na sombe, yaani kisamvu.

Nazisikia pia sifa za afya, nyingi zikiwa za lebo. "Haina kolesteroli": hakuna mafuta ya mmea yanayoibeba kwa kiasi cha kutajwa, hivyo hapo hujaambiwa kitu. Ukweli una pande mbili. Kijiko kikubwa kimoja kina karotini miligramu 7 hadi 9 hivi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, tena ikiwa tayari ndani ya mafuta inayoyahitaji ili ifyonzwe. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta shibe yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na vijiko vikubwa vitatu vinakaribia kuimaliza sehemu hiyo kwa mtu mzima. Mawese ni kiungo cha chungu cha familia, si dawa ya kunywa kwa kikombe. Na wale wanaoyachoma mpaka yawe meupe ili kuondoa harufu wanabaki na mafuta shibe yote na karotini imekwenda na moshi.

Wazee walikamua kidogo, wakapika chikichi bila kuchelewa, wakahifadhi mafuta mtungini mahali pa giza. Leo madumu ya plastiki yanasafiri juu ya mabasi chini ya jua kutoka Kigoma mpaka pwani, na tunashangaa koo likiwasha.

Waamuzi wa maonyesho yajayo nawaomba jambo moja. Chupa zifike jana yake, zilale kivulini usiku kucha, na asubuhi kila mmoja ainamishe chupa, anuse, alambe, ameze. Rangi waiandike mwisho, na wasiipe alama hata moja.