Nani Aliyepiga Picha? Seydou Keïta na Wateja Wake wa Bamako

Mwanamke ameegemeza kiwiko juu ya redio. Redio yenyewe ni kubwa, ya zile zilizokaa mezani kama mgeni wa heshima, na mwanamke ameisogelea kwa namna ya mtu anayemtambulisha jamaa yake. Hakuna dalili kwamba anaisikiliza. Picha hii ilipigwa Bamako katika miaka ya 1950, wakati Mali ingali koloni na ikiitwa Sudani ya Kifaransa, na mpiga picha ni Seydou Keïta. Leo picha za aina hii zinatundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na chini yake huandikwa maneno mawili tu: Bila jina.

Tumezoea, sisi wanafunzi wa Kiswahili, kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Naomba ruhusa ya kuhakiki kazi ya fundi wa picha, tena fundi asiyejua neno la Kiswahili, kwa sababu nadhani lugha yetu ina jambo la kumwambia mhakiki wa picha ambalo lugha zilizotumika kumhakiki Keïta hazilisemi kwa urahisi.

Mtu akitoka studio husema, “Nimepiga picha.” Hakushika kamera. Hakubonyeza kitu. Aliketi tu, akatulia, akalipa, akaenda zake. Mwalimu wa sarufi atamsahihisha: sema “nimepigwa picha”, au “nimepigisha”, kwa maana aliyepiga ni yule mwenye kamera. Lakini nenda mtaani, Kampala au Mombasa, hutamkuta anayechanganyikiwa. Mwenye kamera anapiga picha na mwenye sura anapiga picha. Kitenzi kimoja kina watendaji wawili. Kiganda, lugha ya kwetu, kinafika hapohapo kwa njia nyingine. Tunasema okwekubisa ekifaananyi, na ndani ya kitenzi hicho mna kirejeshi na usababishi kwa pamoja: mtu anasababisha yeye mwenyewe apigwe. Hapendekezwi kama mtu aliyetendwa. Ndiye aliyeanzisha shughuli nzima.

Dai langu ni kwamba picha za Keïta zinasomeka vizuri zaidi tukizisoma kwa sarufi hiyo ya mtaani.

Kwanza tumjue. Keïta alizaliwa Bamako mnamo 1921 hivi, hakusoma shule, na akafunzwa useremala tangu utotoni. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegali na kamera ndogo ya Kodak akampa. Akajifunza kazi polepole, akiendelea kuunda samani, na mwaka 1948 akafungua studio yake katika mtaa wa Bamako-Koura, si mbali na kituo cha reli. Mahali ni jambo la kuzingatia hapa. Reli ya Dakar hadi mto Niger ilileta watu, na watu hao walikuwa na jamaa walioachwa nyuma.

Alipigia picha uani, kwa mwanga wa jua. Kamera aliyoitumia kwa kazi nyingi ilikuwa kubwa, ya negativu za sentimita 13 kwa 18, na picha ilisafishwa kwa kipimo kilekile cha negativu. Negativu ya ukubwa huo ni ghali. Kwa hiyo mteja mmoja alipewa, kwa kawaida, nafasi moja. Sisi tunaopiga picha 40 kwa simu halafu tukafuta 39 tunapaswa kulitafakari hilo kabla hatujasema lolote kuhusu “ukakamavu” wa watu wa kale mbele ya kamera. Mtu mwenye nafasi moja hachezi. Anaamua nyumbani atakuwa nani, kisha anakuja.

Nyuma ya wateja kulitundikwa kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka ya kitandani ya Keïta mwenyewe, yenye nyuzinyuzi zinazoning'inia pembeni, kisha vikafuata vya maua, vya michoro ya kujipinda, na baadaye cha kijivu kisicho na kitu. Kwa kuwa alikibadilisha kila baada ya miaka kadhaa, aliweza miaka mingi baadaye kukadiria tarehe ya picha kwa kuangalia kitambaa tu. Wahakiki wamesifu sana jinsi maua ya kitambaa yanavyochanganyikana na maua ya gauni hadi mwanamke anaonekana kama anachipuka kutoka ukutani. Ni kweli, na inapendeza. Ila Keïta alieleza kwamba mara nyingi ilikuwa bahati. Napenda jibu hilo. Linamrudisha mwanamke mahali pake: gauni alilichagua yeye.

Sasa vitu. Studio ilikuwa na suti za Kizungu, tai, saa za mkono, kalamu za wino, saa ya mezani, maua ya plastiki, simu, redio, baiskeli na pikipiki ya Vespa, na mteja aliweza kuazima. Hapa ndipo wahakiki hugawanyika. Kundi moja linaona kasumba: watu wa koloni wanajipamba kwa vitu vya mkoloni. Kundi la pili linaona shangwe, yaani Waafrika wanaukaribisha usasa kwa mikono miwili, na uhuru wa 1960 unanukia tayari. Makundi haya hugombana, lakini yote mawili yanakiangalia kitu kilichoshikwa na kumsahau mshikaji. Yanaiuliza redio ina maana gani, kama vile wanafunzi wa kidato wanavyouliza “ishara ya nini?” kila wakutanapo na ndege ndani ya shairi.

Nirejee kwa picha mashuhuri kuliko zote, ya 1959. Kijana amevaa koti jeupe na tai, miwani yenye fremu nzito, kalamu mfukoni, na mbele yake ameshika ua moja, amelishika kwa vidole kwa uangalifu kama anayeogopa kulivunja. Ukianza na vitu utapata orodha: kalamu ni elimu, miwani ni usomi, ua ni mapenzi au ufaransa fulani. Orodha haina makosa. Lakini itazame mikono. Kuna uangalifu ambao hauwezi kuazimwa studio. Pengine ua lilikuwa la Keïta. Namna ya kulishika ilikuwa ya kijana.

Au ile ya baba na mtoto, ya kati ya 1949 na 1951. Mwanamume mkubwa wa mwili, kanzu pana, amempakata kitoto kichanga kikionekana kidogo zaidi kwa sababu ya ukubwa wa kifua kilichokibeba. Hapa hakuna redio, hakuna Vespa. Kuna tukio tu: mtoto amezaliwa. Nikiziweka picha hizi mbili pamoja naona kwamba kazi ya kitu cha kisasa na kazi ya mtoto mchanga, kwa maana ya fani, ni ileile. Kila kimoja ni habari. Mtu anamwambia mwingine aliye mbali: hiki kimetufikia.

Maana picha hizi zilikuwa barua. Watu walizipiga kwa sikukuu, kwa ndoa, kwa mtoto, kwa nguo mpya, na nyingi zikapelekwa kwa jamaa. Zilitosha mkononi. Nyumbani kwetu tunayo picha ya babu akiwa amesimama kando ya baiskeli, na mtu yeyote anayeionyesha huigeuza kwanza, kwa sababu nyuma kuna maandishi ya wino ya kumsalimu dada yake na kumwarifu kwamba kazi ameshapata. Baiskeli haionyeshi kwamba babu alipenda viwanda vya Uingereza. Inathibitisha maandishi ya nyuma. (Kama baiskeli ilikuwa yake au ya fundi wa picha, hilo wazee wetu hawajawahi kukubaliana, na wala halijapunguza thamani ya picha.)

Ndipo lije pingamizi zito. Ikiwa saa na suti ni vya studio, je, barua hizi hazikuwa za uongo? Waswahili wanayo methali kali: nguo ya kuazima haisitiri matako. Mbele ya kamera ya Keïta nadhani methali hiyo inashindwa, na inashindwa kwa sababu nzuri. Methali inazungumzia nguo ambayo mwenyewe anaweza kuidai hadharani. Nguo ya studio haidaiwi. Kila mtu Bamako aliyepita hapo alijua vitu ni vya Keïta, kama ambavyo mtazamaji wa tamthilia anajua taji la mfalme limetengenezwa kwa kadibodi. Hakuna aliyedanganywa jirani. Na yule jamaa wa mbali? Huenda alidhani saa ni ya kweli. Huenda pia naye alikuwa na picha yake mwenyewe yenye saa ya kuazima, akaelewa.

Sitaki, hata hivyo, kumpa mteja kila kitu. Keïta aliwapanga watu. Ule mkao wa kugeuka kidogo, bega moja mbele, kichwa kimeinama kiasi, ni wake, na alijivunia jicho lake la kumpata kila mtu mkao unaomfaa. Tena si kila picha imefaulu. Zile za Vespa, kwa mfano, hupendwa sana kwenye kalenda na mabango, lakini kwangu baadhi yake zinachosha: pikipiki inajaza fremu, na walioketi juu yake wanageuka kuwa abiria. Katika picha ya redio mwanamke ameegemea, na kuegemea ni kumiliki. Juu ya Vespa isiyotembea mtu hana cha kufanya ila kukaa. Nadhani ndiyo tofauti kati ya kitu kinachomsaidia mtu kusema na kitu kinachosema badala yake.

Mwaka 1962 serikali ya Mali huru ilimchukua Keïta awe mpiga picha wake rasmi, na studio ikafika mwisho. Negativu zikabaki kwenye masanduku. Mwaka 1991 picha zake kadhaa zilionyeshwa New York bila jina la mpiga picha. Aliandikwa kuwa hajulikani. Msimamizi wa maonyesho Mfaransa, André Magnin, akaenda Bamako kumtafuta akamkuta yu hai, na mwaka 1994 Paris ikamfanyia maonyesho yake ya kwanza ya peke yake. Alifariki huko Paris mwaka 2001.

Hadithi hii husimuliwa kama ushindi, na kwa Keïta ilikuwa haki iliyochelewa. Lakini tazama kilichotokea katikati. Mwaka 1991 waliokosa majina walikuwa wawili, mwenye kamera na mwenye sura. Mmoja alirudishiwa jina. Wa pili bado ni Bila jina. Picha ya sentimita 13 kwa 18, ambayo baadhi ya nakala zake zilitiwa rangi kwa mkono kwenye kucha na vito, imesafishwa upya kwa weusi na weupe uliokolezwa, ikakuzwa hadi kimo cha mtu, ikatundikwa ukutani. Imekuwa nzuri ajabu, sitabisha. Lakini barua haikuzwi hadi kimo cha ukuta. Barua ina mpokeaji, na ukuta wa makumbusho una wapita njia. Kwa sarufi ya makumbusho, Keïta amepiga picha na mwanamke wa redio amepigwa. Hilo ndilo kosa ambalo sarufi ya mtaani ingelizuia. Wala dawa yake si ngumu sana kuifikiria: andika chini ya picha kwamba mwanamke huyu alipiga picha na redio, Bamako, kwa Keïta. Hata bila jina lake, anarudishiwa kitenzi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu zamu yetu imeshafika. Unguja, studio ya Capital Art ya Ranchhod Oza ilikuwa ikipiga picha za familia tangu 1930. Mombasa, N. V. Parekh aliwapiga Waswahili, Wahindi na Waarabu wa mji ule kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1940, na karibu na kivuko cha Likoni, miaka ya 1990, vibanda vya picha vilikuwa na mandhari zilizochorwa za ndege, meli na maghorofa ambazo Keïta angezicheka kidogo kisha akaziazima. Watafiti na wakusanyaji wanazisaka kazi hizi. Wanaanza, kama ilivyo ada, na jina la mwenye studio. Mteja wa Parekh wa mwaka 1960 aliyekuwa na miaka 20 anaweza kuwa hai bado, na anaweza kuulizwa: wewe, siku ile ulipopiga picha, ulikuwa unamwambia nani, na kitu gani? Swali hilo linaulizwa kwa Kiswahili, na muda wa kuliuliza haujaisha.