Ritifaa na Vitufe vya Ziada: Uhakiki wa Kibodi ya Michezo katika Uandishi wa Kiswahili, Dzaleka na Lilongwe

Katika mijadala yetu kuhusu Kiswahili na kompyuta hurudiwa kauli kwamba lugha hii haidai chochote kwenye kibodi, kwa kuwa herufi zake zote zimo katika alfabeti ya Kiingereza. Makala haya yanaipinga kauli hiyo kwa kuhakiki kifaa ambacho hakikuundwa kwa ajili ya waandishi: kibodi ya wachezaji wa michezo ya kompyuta, yenye vitufe vya ziada ambavyo mtumiaji huvipangia kazi aipendayo.

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Kiswahili huwaunganisha wengi wa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waishio humo. Hata hivyo, mwandishi wa huko hashughuliki na Kiswahili pekee. Jina kama Désiré hudai alama za Kifaransa, na Chichewa cha tahajia ya zamani hudai ŵ. Kiswahili nacho hudai ritifaa. Ukiiondoa, kitenzi ng'ara huwa Ngara, wilaya ya Tanzania iliyopokea mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda mwaka huohuo wa 1994. Kwa msomaji wa Dzaleka, hilo si kosa dogo la chapa.

Hata inapoandikwa, ritifaa haiko salama. Programu nyingi za uandishi huigeuza ile iliyonyooka (U+0027) kuwa iliyopinda (U+2019). Kwa jicho ni alama moja, ila kwa mashine ni mbili, na mtafiti atafutaye ng'ombe katika matini za kidijitali huenda akapata nusu ya kundi tu. Ipo ya tatu, U+02BC, ambayo Unicode huihesabu kuwa herufi, wala si alama ya uakifishaji. Kiisimu, hiyo ndiyo inayoistahili nazali yetu. Haina kitufe kwenye kibodi za kawaida.

Hapa ndipo vitufe vya ziada vinapovutia, na hapa ndipo sifa zake zinapotiwa chumvi. Kibodi haitumi herufi. Hutuma nambari ya kitufe, kisha mfumo endeshi huamua herufi ipi itokee. Kwa hiyo kitufe "cha ŵ" kwa hakika huhifadhi mfuatano wa mibonyezo: katika mifumo mingi ya Linux ni Ctrl, Shift na U, kisha 0175, kisha nafasi. Mfuatano huo hauleti ŵ katika Windows. Njia nadhifu zaidi ni kuvipa vitufe vya ziada nambari za F13 hadi F24, ambazo programu nyingi hazizitumii, kisha kuzipangia herufi ndani ya kompyuta.

Lakini unadhifu huo unamfaa mwenye kompyuta yake. Mpangilio uliohifadhiwa ndani ya kompyuta hubaki kwenye kompyuta. Uliohifadhiwa katika kumbukumbu ya kibodi husafiri na kibodi. Mchezaji aliye nyumbani kwake haioni tofauti hiyo. Mwandishi anayetumia kompyuta ya pamoja huiona kila siku, na mwaka 2023, serikali ya Malawi ilipowaamuru wakimbizi waishio mijini, Lilongwe ikiwamo, warudi Dzaleka, haikuwa tofauti ya kinadharia: kibodi huingia begini, kompyuta ya watu haiingii.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza jambo la kiasi: kitufe kimoja, katika kumbukumbu ya kibodi yenyewe, kihifadhi n, g na ritifaa iliyonyooka. Hilo litafanya kazi katika Windows na Linux vilevile, mradi kompyuta imewekwa mpangilio wa Kiingereza cha Marekani. Ikiwa imewekwa ule wa Kifaransa wa AZERTY, ambao Wakongo wengi waliuzoea shuleni na ofisini, kitufe hichohicho kitaandika ngùombe.