‘Haisomi’ au ‘haitangamani’? Istilahi zetu zinavyoficha ugonjwa wa tarakilishi

MTU akihamia mfumo endeshi mpya wa tarakilishi, kisha kazi zake za zamani zikakataa kufunguka, wataalamu wa istilahi humwambia kwamba tatizo lake ni ‘ukosefu wa utangamano’. Wengine hupendelea ‘upatanifu’, wengine ‘uoanifu’. Lakini hebu ingia saiba katika soko la Katangi, kule Yatta katika Kaunti ya Machakos, na flashi yako mkononi. Utakayoambiwa ni mafupi zaidi: “Hii haisomi.” Makala haya yanadai kwamba kijana wa saiba amekaribia ukweli kuliko msomi, ingawa naye hajaufikia.

Suala hili si la kujifurahisha kwa maneno. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za kuutunza mfumo wa Windows 10. Anayetaka kuhamia Windows 11 anahitaji mashine yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4. Kompyuta kuukuu za mitumba, ambazo ndizo tegemeo la saiba na shule nyingi mashinani, aghalabu hazifuzu. Kwa hivyo watu wanabadilisha mashine na mfumo kwa mpigo mmoja, na kila mmoja anahama na mizigo yake ya miaka mingi.

Sasa tuitazame istilahi yenyewe. ‘Utangamano’ ni neno lililokwisha kupewa kazi nyingine. Tunalitumia kuzungumzia amani baina ya jamii, na ndugu yake ‘mtangamano’ anatumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. ‘Upatanifu’ nao unagongana na ‘upatanisho’ wa kisarufi tunaowafundisha wanafunzi. Hilo peke yake si kosa, maana maneno hubeba maana nyingi. Kosa ni kwamba nomino hizi zote zinafunika magonjwa matatu tofauti kwa blanketi moja.

Ugonjwa wa kwanza ni wa programu kukataa kabisa kuanza. Windows 11 haina toleo la biti 32, na kwa sababu hiyo programu kongwe za biti 16 haziwezi kufanya kazi ndani yake. Wa pili ni wa kifaa, tuseme printa, ambacho mfumo mpya haukitambui kwa kuwa hakuna draiva ya kuviunganisha. Wa tatu ndio hatari zaidi kwa sababu hauna kelele: faili inafunguka vizuri, lakini herufi zilizomo si zile ulizoandika.

Ugonjwa huu wa tatu una historia yake Ukambani. Kikamba kina irabu saba, na mbili kati yazo huandikwa kwa kiwimbi juu: ĩ na ũ. Jedwali la herufi lililotawala tarakilishi nyingi za Magharibi kabla ya Unicode, liitwalo Latin-1, lilikuwa na ñ ya Kihispania na ã na õ za Kireno. Halikuwa na ĩ wala ũ. Jamani, kiwimbi kilikuwepo, ila si juu ya irabu zetu! Waandishi wa Kikamba na Kikuyu wakatafuta njia ya mkato: fonti maalumu ambamo mahali pa herufi nyingine, mathalani û, palichorwa ũ. Kwenye skrini ungesoma ‘Mũkamba’, ilhali ndani ya faili iliyohifadhiwa ni ‘Mûkamba’. Ukihamia mashine mpya isiyo na fonti hiyo, pazia linaanguka.

Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1991, imezipa ĩ na ũ nambari zake rasmi. Kivietnamu pia hutumia herufi hizo, kwa hivyo fonti nyingi za leo zinazo. Lakini mazoea hayakuisha, kwa sababu kibodi ya kawaida haina kitufe cha ĩ. Tena herufi hiyohiyo inaweza kuandikwa kwa njia mbili: kama herufi moja kamili, au kama i ya kawaida inayofuatwa na alama ya kiwimbi. Kwa jicho zinafanana kama mapacha. Kwa programu isiyojua kuzilinganisha ni maneno mawili tofauti.

Chukua mfano wa katibu wa ukoo anayetunza daftari la wanachama, michango na marehemu, lililoandikwa kwa Kikamba tangu enzi za Windows XP. Akihama bila kubadilisha herufi, akitafuta jina la mwanachama kwa tahajia sahihi, ataambiwa halipo. Jina lipo, lakini limevaa herufi za watu wengine. Siku mjane atakapoulizwa kama mumewe alikuwa akichanga, jibu la ‘ukosefu wa utangamano’ litamsaidia nini?

Hapa ndipo mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unapotufaa kuliko nomino za kukopa sura. ‘Haisomi’ inaelekeza lawama kwa mashine. ‘Haisomeki’ inaielekeza kwa faili. ‘Hazisomani’ inaeleza uhusiano wa pande mbili. Ongeza ‘haifunguki’ kwa programu na ‘haitambuliki’ kwa printa, na tayari fundi anajua aanzie wapi. Mbona tuunde nomino tatu zinazopigania maana moja, ilhali kitenzi kimoja kinazaa utambuzi wa aina tatu?

Walakini, nina shaka na kiambishi -an- pia. Tukisema faili na mfumo ‘hazipatani’, tunazigawia lawama sawasawa kama wake wenza waliokosana. Ukweli ni kwamba faili ya katibu wetu haijabadilika hata nukta moja tangu siku ilipohifadhiwa. Aliyehama ni mfumo, na aliyeamua kuhama ni kampuni. ‘Kutopatana’ ni neno la upole linalomfichia aliyeondoka. Na kijana wa saiba anaposema “haisomi”, naye anakosea kwa upande mwingine: katika ugonjwa wa tatu mashine inasoma, tena inasoma kwa uaminifu kilichohifadhiwa. Kinachofaa kusemwa ni kwamba inasoma vibaya, au kwa usahihi zaidi, kwamba iliandikiwa vibaya.

Tumewahi kupata funzo hili. Mwaka wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kuifasiri Windows kwa Kiswahili. Zilikuwa juhudi za kusifiwa. Lakini kila toleo jipya la programu huja na menyu na ujumbe mpya, na msamiati usioendelezwa huzeeka pamoja na mfumo ulioubeba. Windows XP ilikomeshewa huduma tarehe 8 Aprili 2014. Istilahi nazo zinahitaji kuhamishwa, la sivyo hubaki katika nyumba isiyo na watu.

Waunda istilahi, basi, waende saiba kabla ya kwenda kamusini. Wakusanye ‘haisomi’, ‘imegoma’ na ‘inaleta viboksi’, wayapange kwa aina ya ugonjwa, ndipo waseme lipi liwe rasmi. Wenye nyaraka za Kikamba nao wasingoje mashine mpya ifike. Wazibadilishe ziwe za Unicode wakati ile ya zamani, yenye fonti yake, ingali inawaka. Nasi wa magazeti tuanze na dogo lililo mbele yetu: marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o aliandikwa ‘Ngugi’ katika kurasa nyingi mpaka alipofariki Mei 2025, na hakuna mfumo endeshi wa leo tunaoweza kuusingizia.