Kapu linaloivisha maharage

Sufuria ya maharage ikishachemka, sehemu kubwa ya mkaa unaoendelea kuwaka chini yake inafanya kazi moja tu: kufidia joto linalotoroka. Linatoroka ubavuni mwa sufuria, linatoka na mvuke chini ya mfuniko, linachukuliwa na upepo wa uani. Maharage yenyewe yanachukua kidogo sana. Yakishafika kwenye joto la kuivia, yanahitaji kubaki humo kwa saa kadhaa, basi. Jambo hili limo katika fizikia ya sekondari, na wengi wetu tulilikariri kwa ajili ya mtihani. Mpwa wangu, anayesoma mwaka wa pili katika chuo kimoja Morogoro, ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akilichukua kama jambo linalohusu mfuko wake.

Amepanga chumba na mwenzake nje ya chuo. Anayeyajua maisha ya geto wakati bumu limekwisha na jingine halijaingia, anajua kwamba maharage ni chakula rahisi kununua na ghali kupika. Mtungi mdogo wa gesi ukipikiwa maharage mara kwa mara haufiki mwisho wa mwezi. Mkaa wa kopo unanunuliwa kila siku, na anayenunua kwa kopo hulipa zaidi kuliko mwenye uwezo wa kununua gunia. Wanafunzi wengi hufanya hesabu hiyo kisha wanaachana na maharage, wanarudi kwenye chipsi. Yeye aliifanya hesabu hiyohiyo, akatengeneza kapu.

Nitalieleza polepole, maana uzuri wake hauonekani kwa kulitupia jicho. Kwa nje ni kapu pana la ukili, la sokoni, lenye mikono miwili. Ndani kuna mto mnene chini, mwingine umezunguka ubavuni, na wa tatu unafunika juu. Katikati panabaki shimo linaloitosha sufuria moja. Maharage analoweka usiku kucha, asubuhi anamwaga maji ya kulowekea, anaweka mengine na kuyachemsha kwa moto mkali. Hapo anaipua, anafuta masizi, anaitumbukiza sufuria kapuni na mfuniko wake, anaweka mto wa juu, anafunga mikono ya kapu kwa kamba na kwenda darasani. Akirudi alasiri yameiva. Anayarudisha jikoni yachemke tena wakati wa kuyaunga, na tui zito linaingia mwisho kama kawaida. Siku niliyomtembelea nilitaka kuchungulia kabla ya wakati. “Mjomba, usilifunue,” aliniambia. “Ukilifunua, joto lote linatoka, na humu hakuna moto wa kulirudisha.”

Zile dakika za mwanzo za kuchemsha haziguswi. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na maji yanayochemka kwelikweli, kwa dakika 10 kwa uchache. Joto la nyuzi 80 peke yake haliivunji. Yeye huyapa dakika 20. Kapu haliwezi kufanya kazi hiyo, na anajua hivyo, ndiyo maana ameandika kwa wino upande wa ndani wa mto wa juu: CHEMSHA KWANZA. Chakula kikikawia kapuni hadi kikashuka chini ya nyuzi 60, vijidudu huanza kuzaana, kwa hiyo hakilazi humo. Nilipenda kumwona mtu wa umri wake akikijua kifaa chake mpaka pale kinapoishia.

Wazo si geni duniani, na hajawahi kudai kuwa ni lake. Mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Mnorwei Johan Sørensen alionyesha chombo cha kupikia cha namna hiyo. Uingereza, wakati wa vita kuu zote mbili, watu walihimizwa kumalizia mapishi katika sanduku lililojazwa nyasi kavu ili kuokoa makaa. Mwaka 2008 Sarah Collins wa Afrika Kusini alianza kutengeneza mfuko wa kitambaa unaoitwa Wonderbag, unaofanya kazi hiyohiyo. Hata chupa ya chai iliyoko mezani kwako ina asili ya karibu: James Dewar aliibuni mwaka 1892 kwa ajili ya maabara, akiuondolea hewa mwanya ulio kati ya kuta mbili ili joto lisipate pa kupitia. Haya yote hayampunguzii binti huyu kitu machoni pangu. Kujua kwamba jibu lipo ni mwanzo tu. Kazi ya ubunifu ilikuwa kulipata kwa vitu vya Morogoro, kwa fedha iliyobaki baada ya kodi ya chumba na nauli.

Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia. Alumini ya sufuria hupitisha joto mara maelfu zaidi kuliko hewa, lakini hewa nayo ikipata nafasi ya kuzunguka hulibeba joto na kuondoka nalo. Lazima ifungwe katika vijumba vidogo visivyo na idadi. Alianza kwa kuokota mabaki ya vitambaa kwa mafundi cherehani, ambayo hupewa bure anayeyaomba. Yalikuwa mazito, yakalaliana na kubana mpaka hewa ikakosa pa kukaa. Akaenda kwa seremala kuchukua maranda. Hayo yalifanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa yamejikunja na kila mkunjo unashika hewa, lakini yalimwaga vumbi na ncha zake zikatoboa kitambaa. Ndipo akakumbuka mito ya nyumbani kwa bibi yake.

Sufi! Tumeilalia miaka na miaka bila kuifikiria. Kila unyuzi wa sufi ni mrija mtupu, mwembamba mno, na ndani yake mna hewa. Juu umepakwa nta ya asili, ndiyo maana maji hayauingii kwa urahisi; zamani majaketi ya kuokolea watu baharini yalijazwa sufi. Ni nyepesi hata fungu kubwa halisumbui mkono. Msufi huiangusha pamoja na maganda yake, na mwenye subira ya kuokota na kuchambua mbegu hahitaji kulipa. Alikuwa na subira hiyo. Alichambua akiwa anasikiliza masomo aliyorekodi kwenye simu, jioni baada ya jioni, mpaka magunia mawili ya plastiki yakajaa.

Kuna sanaa katika kujaza. Ukiishindilia sufi, unaua hewa uliyokuwa unaitafuta. Ukiilegeza mno, inajikusanya upande mmoja na kuacha uwazi, na joto linapita hapohapo. Aliushona mto wa ubavuni katika vyumba virefu vya kusimama, kila kimoja akakijaza peke yake, akikibonyeza kwa kiganja na kusubiri kirudi juu. Kisiporudi, anapunguza. Kikirudi haraka mno, anaongeza kidogo. Unene aliolenga ni kama sentimita 10 kila upande. Nilikaa nikimtazama akifanya hivyo kwa chumba kimoja na nikaelewa kwa nini vifaa vya namna hii vikitengenezwa kwa haraka huwa havifanyi kazi, kisha watu wanasema wazo lenyewe ni bovu.

Jambo jingine alilolitambua linahusu sufuria zetu. Sufuria ya kwetu haina mikono. Ina ukingo bapa juu na ubavu ulionyooka, kwa hiyo mto unaugusa mwili wake mzima bila mwanya. Mfuniko nao ni bapa, hauachi kuba la hewa juu ya chakula. Kwa wapishi wa Ulaya waliotumia masanduku ya nyasi, mikono ya sufuria ilikuwa tabu ya kuzungukwa kila mara. Kwetu tabu hiyo haipo, na sijui kama tuliwahi kuishukuru sufuria kwa hilo. Ila lazima ijae. Sufuria iliyojaa ina maji mengi ya kutunza joto kwa eneo dogo la kulipoteza; iliyojaa nusu hupoa kabla maharage hayajalainika. Ndiyo sababu wanapika ya watu wanne, wanakula na majirani wa vyumba vya pembeni, nao huchangia nazi na vitunguu.

Adui mkubwa aliyebaki ni mvuke. Mto wa juu ulikuwa unalowa, na mto uliolowa haukingi tena joto. Alizivika sehemu zote foronya za pamba zenye vifungo, za kuvua na kufua, na mito yenyewe anaianika juani kila baada ya mapishi. Ndani ya foronya ya juu ameshona pakiti za biskuti zilizopasuliwa, upande unaometa ukitazama chini, ili zirudishe mnururisho wa joto na kuzuia unyevu usipande. Sufi hushika moto upesi sana, kwa hiyo kapu hukaa upande wa pili wa chumba, mbali na jiko.

Wali nao unakubali. Unauchemsha dakika chache, unautia kapuni, na baada ya saa moja hivi umekauka vizuri. Maji yapungue kidogo kuliko mazoea, kwa sababu hakuna yanayopotea kwa mvuke, na ukoko hautakuwapo. Kwa wapenzi wa ukoko hiyo ni hasara, nami nahesabu humo.

Sasa mwenzake wa chumba anataka kumpelekea mama yake kapu Mbeya, na hapo hesabu imebadilika. Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi zinazokaribia 94. Sufuria itaingia kapuni ikiwa imekwisha kukosa nyuzi kadhaa, na Juni na Julai baridi ya nje itavuta zaidi. Ameanza mto mpya wa ubavuni, mnene kuliko wa kwanza, na anafikiria kumshauri mama huyo achemshe kwa nusu saa nzima badala ya dakika 20. Kapu pana zaidi ameshalinunua. Anachosubiri ni msimu wa sufi.