Uso Usio na Jina: Uhakiki wa Ukusanyaji wa Picha za Kale za Studio Nchini Uganda

Katika nyumba nyingi za Kampala, hasa zile zinazokaliwa na wazee, hapakosekani picha moja au mbili za kale zilizopigwa studio. Aghalabu hutundikwa juu sebuleni, karibu na dari, au hulazwa katika albamu iliyofungwa kwa kitambaa. Humo tunamwona babu amevaa kanzu na koti juu yake, au bibi katika gomesi, mkono umetuliwa juu ya kimeza chenye maua, na nyuma yao pazia lililochorwa ngazi na nguzo za jumba wasilopata kulikanyaga. Kwa muda mrefu sisi walimu tumezihesabu picha hizi kuwa mapambo tu. Tumehakiki ushairi, riwaya, tamthilia na hata misemo ya kanga, lakini picha hizi tumeziacha zizeeke bila kusomwa.

Katika miaka ya karibuni, hata hivyo, wamezuka wakusanyaji na watafiti wanaozitafuta picha hizi, wanaozinakili, na wanaozitolea vitabu na maonyesho. Makala haya yanakusudia kuipima kazi yao: wapi wamefaulu, wapi wamepungukiwa, na ni jambo gani linalotupasa sisi walimu wa Kiswahili kulifanya kabla wakati haujatupita.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Waganda huiita picha *ekifaananyi*, kwa wingi *ebifaananyi*. Mwalimu yeyote wa Kiswahili atalitambua shina hilo mara moja, kwani ndilo lililotupatia kufanana, mfano na kifani. Sisi tumeazima picha kutoka Kiingereza, na taswira na sanamu kutoka Kiarabu, ilhali jirani zetu walichimba katika ardhi yao wenyewe. Tena Waganda husema *okukuba ekifaananyi*, yaani kupiga picha, na *okukuba* ni kupiga kule kule kwa ngoma na kwa fimbo. Lakini neno hili linatufundisha zaidi ya sarufi. Kufanana kunahitaji wawili: kinachofanana na anayefananishwa. Maadamu jina la aliyepigwa picha limepotea, kufanana huko kumebaki upande mmoja. Uso upo, lakini hatuwezi kusema unafanana na nani. Hiki ndicho kipimo nitakachokitumia katika uhakiki huu.

Historia ya picha nchini Uganda haikuanza studio. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alimpiga picha Kabaka Muteesa I pamoja na wakuu wake, na mchoro uliochongwa kutokana na picha hiyo ukatolewa katika kitabu chake cha mwaka 1878. Baada yake walikuja wamisionari na maafisa wa serikali ya kikoloni, kila mmoja na kamera yake na haja yake. Katika picha nyingi za namna hiyo, aliyepigwa hakuagiza chochote. Alisimamishwa, akapigwa, na picha ikasafiri kwenda ng'ambo ikiwa na maelezo ya kabila lake, wala si ya jina lake.

Studio iligeuza uhusiano huo. Pwani ilitangulia: Zanzibar ilikuwa na studio ya Mgoa A. C. Gomes tangu karne ya 19, na kutoka pwani ufundi huo ukapanda bara pamoja na reli na biashara. Wagoa na Wahindi walifungua studio mijini, na baadaye Waafrika nao wakazifungua zao. Jambo kubwa la studio ni kwamba mpigwa picha ndiye aliyelipa. Yeye ndiye aliyechagua siku, nguo, na mtu wa kusimama naye. Kwa hiyo picha ya studio ni kauli ya mtu juu ya nafsi yake mwenyewe, na kauli hiyo hustahili kusomwa kwa makini yale yale tunayoyatumia kusoma shairi.

Tukiitazama kwa vigezo tulivyovizoea vya fani na maudhui, tutaona kwamba fani ya picha hizi ina kanuni zake. Kuna pazia la nyuma, kiti, mwanga unaotoka upande, na vitu vya kushika: kitabu, redio, mkoba, saa iliyogeuzwa ionekane. Maudhui nayo hurudiarudia: ndoa, kumaliza shule, kazi ya kwanza, mtoto wa kwanza, kuagana. Lakini msomaji asikimbilie kuamini kila anachokiona. Studio nyingi ziliazima wateja koti na tai, hata watu kumi wasiojuana wakaonekana wamevaa koti moja. Mtafiti anayesema "huyu alikuwa tajiri" kwa sababu ya koti amesoma nguo, hajamsoma mtu. Ndiyo maana wakusanyaji wenye ujuzi huanza na umbo la picha kabla ya sura: kama imebandikwa juu ya kadi ngumu yenye jina la studio chini, kama nyuma yake imechapwa mistari ya postikadi, kama kingo zake zimekatwa mawimbimawimbi, kama rangi zimepakwa kwa mkono. Kisha huigeuza. Nyuma ya picha ndiko kunakokaa muhuri wa studio, tarehe, na maneno ya kalamu: "Kwa dada yangu, unikumbuke." Anayenakili upande wa mbele tu amerarua nusu ya matini.

Sasa tuzitazame kazi zenyewe. Iliyo kubwa kupita zote nchini Uganda ni ya mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens wa Uholanzi na Canon Griffin Rumanzi wa Uganda. Mradi huu ulikusanya nakala za picha kutoka kwa familia, wapiga picha na taasisi, ukazitandaza katika mtandao wa Facebook ili Waganda wenyewe wazitazame na kuzisemea. Kutokana nao ulitoka mfululizo wa vitabu vinane uitwao *Ebifananyi*, ulioanza mwaka 2014. Kitabu kimoja kinamhusu mpiga picha Deo Kyakulagira. Kingine kinamhusu Musa Katuramu, mwalimu wa useremala wa Mbarara, aliyewapiga picha watu wa kwao tangu miaka ya 1930. Kingine kinairudia ile picha ya Muteesa.

Ubora wa vitabu hivi ni kwamba vinaanza na mtu. Mpiga picha ana jina, ana kazi, ana watoto waliohifadhi masanduku yake. Tena inatupasa sisi walimu tufurahi kumwona mwenzetu, mwalimu wa randa na msumeno, amehesabiwa miongoni mwa wanahistoria wa nchi yake. Upungufu wake ni wa namna mbili. Kwanza, vilichapishwa Uholanzi, na lugha yake kuu ni Kiingereza. Mtoto wa Mbarara au wa Kampala ana nafasi ndogo ya kukishika kitabu chenye sura za jamaa zake. Pili, katika mkusanyiko wa namna hii mpiga picha hupata jina kwa urahisi kuliko mpigwa picha. Fundi anafufuka, na mteja wake anabaki kielelezo cha ufundi. Lawama hiyo si ya waandishi pekee, kwani waliowajua wateja hao ni sisi tuliobaki nyumbani.

Kazi ya pili inayostahili uhakiki ni kitabu cha Martina Bacigalupo wa Italia, *Gulu Real Art Studio*, kilichotolewa mwaka 2013. Mwandishi alizikuta katika studio hiyo ya mjini Gulu picha zilizokatwa uso: mtu mzima ameketi, mikono imepakatwa, na mahali pa uso pana tundu la mraba. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Mashine ya picha za kitambulisho ilitoa nakala nne, na mteja aliyehitaji moja hakutaka kulipia nne. Basi studio ilimpiga picha nzima, ikaukata uso, ikampa. Kilichobaki kilikuwa taka. Taka hizo zikaenda kutundikwa katika ukumbi wa maonyesho New York, na watazamaji wakaona ndani yake vita vya kaskazini mwa Uganda, mauti na kufutwa kwa watu.

Hapa mhakiki hana budi kusimama katikati. Ni kweli kwamba matundu hayo yanagusa moyo, na kwamba watu wa Acholi waliteswa na vita kwa miaka mingi. Lakini uso ule haukufutwa. Ulikwenda na mwenyewe, ukabandikwa katika kitambulisho, katika ombi la kazi au la mkopo, ukafanya kazi iliyokusudiwa. Aliyekosa uso ni mtazamaji. Picha hizo zina nguvu pale tunapojua sababu ya mkasi. Tukiiacha sababu hiyo, tunawapa watu wa Gulu msiba ambao picha zenyewe hazikuusema.

Tusidhani kwamba kasoro hii ni ya Uganda peke yake. Mwaka 1991 picha za Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, zilionyeshwa New York zikiwa na maelezo kwamba mpigaji hajulikani. Wakati huo Keïta alikuwa hai mjini kwake, akafariki mwaka 2001. Alikuwa na desturi ya kugonga muhuri wa jina lake nyuma ya picha za wateja, na mji mzima ulimjua. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. "Hajulikani" ni neno linalohitaji kuulizwa: hajulikani kwa nani?

Kwetu Uganda kupotea kwa picha kuna sababu za ziada. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kufukuzwa kwa Waasia, wakapewa siku 90. Miongoni mwa waliofunga milango walikuwa wenye studio, na masanduku ya negativi si mzigo wa mtu anayekimbia. Ukafuata uporaji wa mwaka 1979, kisha vita vya Luwero hadi 1986, ambavyo vilichoma nyumba pamoja na albamu zake. Dola ilibahatika zaidi: mwaka 2015 zilipatikana katika shirika la utangazaji la taifa negativi zipatazo 70,000, na baadhi ya picha zake zikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Ni hazina kubwa, lakini ni picha za serikali ikijitazama. Fundi cherehani wa Katwe na muuguzi wa Mulago hawana kabati katika ofisi ya umma. Kabati lao ni familia.

Na familia nazo zinauza. Mnunuzi wa vitu vya kale hutaka picha moja nzuri, si albamu nzima; huichomoa, na pale pale ndugu wanatenganishwa. Kwa hiyo mkusanyaji mwema ni yule anayenakili na kurudisha. Mwalimu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa vifaa vichache. Aombe ruhusa. Anakili mbele na nyuma. Aandike majina kwa penseli laini, asitumie kalamu ya wino wala gundi. Negativi zinazotoa harufu ya siki azitenge na nyingine, kwani zimeanza kuoza. Ampe mzee nafasi ya kusimulia kwa lugha yake, kisha masimulizi yaandikwe pia kwa Kiswahili. Na familia ikikataa picha isitangazwe, neno lake liwe la mwisho. Mtu aliyeagiza picha yake kwa ajili ya dada yake hakuiagiza kwa ajili yetu.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe shuleni. Tunalia kwamba vitabu ni vichache, na kwamba vilivyopo vinazungumzia miji ya wengine. Lakini kila mwanafunzi ana matini nyumbani kwake. Tumwagize aandike insha juu ya picha moja ya kale: nani huyu, ilipigwa wapi, nguo ni ya nani, picha ilikuwa ya kupelekewa nani. Atajifunza ngeli na nyakati za vitenzi, na shajara ya darasa itakuwa na majina ambayo hakuna mtafiti mgeni angeyapata. Ila kazi hii haingoji mitaala. Wanaoweza kunyoosha kidole na kusema "huyu ni fulani" ni wazee, na kila mwaka hupungua. Likizo ijayo na tuwatume wanafunzi wetu wakawaulize.